Nati Iliyouawa

Cheni iliruka bila kuaga. Ilikuwa ikiimba tangu walipoingia kwenye uwanda wa chumvi, wimbo ule wa kulegea ambao kila mwenye pikipiki katika nyumba za mstari za wafanyakazi aliujua na kuupuuza. Kisha ikanyamaza. Kabla Mama Pacha hajajiuliza kimya kile kina maana gani, gurudumu la nyuma likakamatwa palepale, mkia wa pikipiki ukayumba kulia, na dunia nyeupe ikawapindukia.

Alianguka ubavu. Shemeji yake, aliyekuwa amefungwa kiunoni mwake kwa mshipi ili asidondoke kwa homa, alianguka naye, mtu juu ya mtu kama magunia. Chumvi iliwachuna magoti na viwiko. Alipofungua macho, kitu cha kwanza alichosikia hakikuwa mlio wa injini, maana injini ilishazimika. Alisikia maji. Glug, glug, glug. Dumu lao lilikuwa limepasuka ubavu, na ardhi ilikuwa ikinywa kama mlevi aliyenunuliwa pombe.

Alijifungua mshipi kwa meno na vidole, akalirukia dumu, akaligeuza ufa uangalie juu. Kilichobaki kilijaza chupa moja na vifuniko vichache.

"Shemeji!" aliita. "Mkono?"

"Mkono upo," Njiti alijibu akiwa amelala kifudifudi. "Kwani nilikuja na wa akiba?"

Walimwita Njiti kwa wembamba wake. Alikuwa mdogo wa mumewe, mtu mzima mwenye ndevu zake, mhudumu wa mkanda wa kubebea chumvi kiwandani. Mkanda ule ulikuwa na kifuniko cha chuma zamani. Kifuniko kikaondolewa kikatengenezwe, hakikurudi, na kila aliyeuliza aliambiwa aangalie mikono yake. Njiti aliangalia yake mwaka mzima. Siku aliyoangalia pembeni kidogo, mkanda ukauchukua mkono wa kushoto hadi kifundo, ukautafuna, ukautema.

Zahanati ya kampuni ilimfunga bendeji na kumweka kwenye benchi asubiri gari la kumpeleka hospitali kubwa. Gari lilikuwepo. Lilisimama kivulini, limeoshwa. Ila lilihitaji ruhusa ya meneja, meneja alikuwa safarini, na msaidizi wake hakutaka kuonekana ana haraka kuliko bosi. Siku tatu Njiti alikaa kwenye benchi lile. Siku ya nne Mama Pacha alikuja na pikipiki ya mumewe, ambaye alikuwa kambi ya mbali mpaka mwisho wa mwezi, akasema, "Panda."

Barabara ya lami ilikuwa ya kampuni na geti lake lilikuwa la kampuni. Tangu mgomo ule wa mwaka wa mvua kubwa, pikipiki za wafanyakazi hazikuruhusiwa kupita. Ikabaki njia moja ya kufika upande wa pili: kukata uwanda wenyewe, mweupe kama shuka la maiti, usio na mti wala jiwe, mpaka kwenye vilima vile vya buluu ambavyo ukivitazama unadhani vinakukimbia.

Sasa walikuwa katikati yake.

Mama Pacha alimvuta Njiti mpaka kwenye kivuli chembamba cha pikipiki, akamwegemeza. Aliifungua bendeji kidogo. Harufu ilimpiga kabla jicho halijaona. Vidole vilikuwa vyeusi na vimevimba, na kutoka kwenye kifundo ulipanda mstari mwekundu, mwembamba, kama uzi uliopotea ndani ya ngozi. Asubuhi walipoondoka uzi ule ulikuwa chini ya kiwiko. Sasa ulikuwa umefika kwenye kiwiko.

"Umepanda?" Njiti aliuliza, uso kaugeuzia upande mwingine.

"Umekaa palepale."

"Shemeji, wewe hujui kudanganya. Ndiyo maana kaka alikuoa."

Alimpa maji kifuniko kimoja. Yeye alilamba kilichobaki pembeni, kikiwa na chumvi ya vidole vyake, akainuka kuitazama pikipiki.

Cheni ilikuwa imeruka meno ya nyuma na kujisokota kati ya sproketi yenye meno hayo na ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu. Ilijikaba pale kama kabari. Gurudumu halikwenda mbele, halikwenda nyuma, na hata kuisukuma pikipiki hakukuwezekana. Kuikata cheni ni kujikata miguu, maana hawakuwa na nyingine. Dawa ilikuwa moja, na mtoto yeyote wa nyumba za mstari angekuambia: legeza nati ya ekseli, ule mhimili wa gurudumu, sogeza gurudumu mbele, cheni itapata nafasi, itachomoka.

Akaitazama nati.

Nati ile ilikuwa imeuawa.

Katika nyumba za mstari, nati ya gurudumu haikazwi tu. Inauawa. Unaikaza kwa spana, unaongeza bomba kwenye spana, unasimama juu ya bomba na kurukaruka. Kisha unachukua patasi na nyundo, unaponda ncha ya ekseli mpaka chuma kinachanua kama uyoga juu ya nati. Baada ya hapo mwizi aje na babu yake. Nati kama hiyo hufufuliwa na mtu mmoja tu, mchomeleaji wa kona, kwa moto wake na jiriwa yake, tena kwa kutukana.

Desturi hiyo ilianza mwaka ambao kampuni iliweka taa za mlingoti kuzunguka magari ya wakubwa na kuuacha ua wa wafanyakazi gizani. Magurudumu yakaanza kutoweka. Walipolalamika waliambiwa, "Kila mtu alinde chake." Basi kila mtu akalinda chake. Gurudumu la kwanza kuibwa lilikutwa chini ya kitanda cha mlinzi wa kampuni, getini, watu wakaliona kwa macho yao. Na bado, ajabu ya Mungu, jioni ile ile walirudi nyumbani kuua nati zao dhidi ya jirani! Mwizi anajulikana, ana sare na filimbi, nao wanamwogopa mama wa mlango wa pili anayewaazima chumvi.

Ubaya wake ulikuwa huu: nati ikishauawa, cheni ikilegea huwezi kuikaza, maana gurudumu halisogei. Basi cheni zikaachwa zilegee. Zikaimba. Mtaa mzima ukaendesha pikipiki zinazoimba, watu wakazoea, wakasema afadhali kelele kuliko kwenda kwa miguu.

Na nati hii hapa, mbele yake, hakuiua mumewe. Aliiua yeye. Alikaa kwenye kizingiti cha mlango wake, sketi kaibana magotini, nyundo mkononi, majirani wakimshangilia. "Hapo Mama Pacha, hata ibilisi haing'oi!" Alicheka nao. Alipiga pigo moja la nyongeza, la madaha.

"Shemeji," Njiti alisema, "umenyamaza kama mtu aliyeona nyoka."

"Nati imeuawa."

"Na nani?"

"Na mimi."

Njiti alifumba macho. Midomo yake ilikuwa imeanza kupasuka. "Uliua vizuri?"

"Vizuri sana."

"Basi tumekwisha. Mtu akiwa hodari, awe hodari hata katika ujinga?"

Mama Pacha aliinua mfuniko wa kisanduku cha pembeni. Mlikuwa na spana kubwa moja, ya bati la kukunjwa, ile inayouzwa pamoja na pikipiki ili mtu asiseme hakupewa. Spana ndogo mbili. Bisibisi bapa. Koleo lenye jino moja. Waya. Hakuna nyundo. Hakuna bomba. Aligeuka akatazama uwanda kutafuta jiwe la kupondea, akaona weupe, na nyuma ya weupe, weupe. Ardhi ile haikuwa na jiwe hata la kumpigia ndege.

Aliweka spana kwenye nati, akasukuma kwa mikono. Akasukuma kwa mguu. Akasimama juu yake, mkono kwenye kiti, akajitupa kwa uzito wake wote. Spana ilifunua mdomo, ikateleza, naye akaenda nayo. Goti liligonga bomba la moshi lililokuwa bado la moto, ngozi ikabaki pale na harufu yake. Alipoikagua nati, pembe zake mbili zilikuwa zimeanza kumung'unyika.

"Taratibu," Njiti alisema. "Ikiwa duara hiyo, hata mchomeleaji ataikana."

"Unataka uje ushike wewe?"

"Nitashika. Nishikishe."

Hakuwa anatania. Alijikokota, akakaa, akaipachika spana kwa mkono wake mzima, bega lake likiisukuma isitoke. Mama Pacha alikanyaga tena. Nati haikujua kama wapo.

Jua lilikuwa limesimama utosini. Kivuli cha pikipiki kilijikunja chini yake kama mbwa. Alivua kitambaa cha kichwa, akamfunika Njiti uso, akaanza kufikiri kwa mikono, namna anayofikiri mtu aliyejifunza kazi bila mwalimu: anagusa kila kitu, anakiuliza kinaweza nini.

Keria ya nyuma ilikuwa ya mabomba. Nati zake hazikuuawa, nani aibe keria? Akaifungua kwa spana ndogo, akaikanyaga na kuipinda huku na huku mpaka kiungo kimoja cha kuchomelea kilipokatika, akapata bomba refu kama mkono wa mtu. Akaivua kiki ya kuwashia, kipande kizito cha chuma, hiyo ikawa nyundo. Mdomo wa spana uliofunuka ulihitaji kujazwa usiteleze. Alitazama huku na huku, jicho likatua kwenye kibao cha namba. Alikipasua ukanda kwa koleo, akauchomeka kati ya spana na nati.

"Ushuru wetu," alisema, "leo umefanya kazi."

Njiti alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikageuka kitu kingine. Alipotulia alikuwa akiongea na mama yake, aliyefariki zamani, akimwambia asifunge mlango.

Hapo ndipo walipoliona lori.

Lilitokea upande wa machimbo ya mbali, doa jeusi linaloelea juu ya mvuke wa jua, kisha likawa na magurudumu, kisha likawa na rangi ya kampuni. Mama Pacha alikimbia. Alikimbia akipunga kibao kilichochanika, akipiga kelele ambazo hakuzisikia mwenyewe. Lori lilipunguza mwendo. Alimwona dereva vizuri: mtu wa makamo, kofia, uso uliochoka. Mlangoni paliandikwa kwa herufi kubwa HAKUNA ABIRIA. Dereva aliinua kidole, akagusa kioo cha mbele, mahali kilipobandikwa kile kijicho cheusi cha kamera kinachorekodi safari nzima. Akatikisa kichwa. Macho yake yalikuwa yakimwomba msamaha mwanamke aliyesimama juani na damu magotini.

"Mgonjwa!" Mama Pacha alipiga kelele. "Nina mgonjwa! Nina mgonjwa!"

Lori halikusimama. Kutoka dirishani ilirushwa chupa, ikadunda mara kadhaa, ikatulia. Ilikuwa na maji nusu. Vumbi jeupe likamfunika.

Mtu asiharakishe kumlaani dereva yule. Alikuwako mwenzake, miaka ya nyuma, aliyembeba mama mjamzito aliyekuwa akivuja damu njiani. Alimfikisha, mama akapona, na mwisho wa wiki dereva akaitwa ofisini akanyang'anywa funguo kwa kosa la kubeba abiria. Watu wa nyumba za mstari walimchangia pole, wakanyamaza. Walinyamaza, na kile kimya chao ndicho kilichokuwa kikiendesha lori hili leo. Dereva huyu alitoa kiasi ambacho woga wake ulimruhusu kutoa, na kiasi hicho kilikuwa nusu chupa.

Mama Pacha aliiokota. Alirudi.

"Nani alikuwa?" Njiti aliuliza, macho kayafumba.

"Mtu wa kwetu."

"Hajasimama?"

"Hajasimama. Kunywa."

Mstari mwekundu ulikuwa umeshavuka kiwiko.

Alipiga magoti mbele ya nati. Alianza na ule uyoga. Aliegemeza ncha ya bisibisi kwenye ukingo wa chuma kilichochanua, akapiga kwa kiki. Bisibisi iliruka, ikamchana kiganja. Akaiweka tena. Kipande chembamba kama ukucha kikainuka. Tena. Kila pigo lilikuwa lake mwenyewe lililorudi. Pale alipopiga kwa madaha akicheka na majirani, sasa alipiga akilamba damu, na chuma kilikuwa na kumbukumbu nzuri, hakikusahau hata pigo moja. Alibandua ukingo kidogo kidogo, akizunguka, mpaka uzi wa ekseli ukaanza kuonekana chini yake, umebondeka lakini upo.

Bado nati haikusogea. Ilikuwa imeshikana na kutu na chumvi ya miezi.

"Moto," Njiti alisema ghafla, kwa sauti ya mtu mwenye akili zake timamu. "Mchomeleaji kwanza huipa moto."

"Na tangi la petroli liko juu yake, shemeji. Tutachomwa kama mishikaki."

"Ling'oe."

Alifungua bolti moja ya tangi, akachomoa mpira wake, akakinga petroli kidogo kwenye kifuniko cha kisanduku, kisha akalibeba tangi mbali, upande upepo unakotoka. Tairi nalo lingeshika moto. Alivunja gamba la chumvi kwa kisigino. Chini yake palikuwa na tope jeusi, baridi, linalonuka mayai mabovu. Alichota kwa mikono yote miwili, akalikandika tairi na sproketi na kila kilichoweza kuungua, kama mtu anayekandika nyumba. Chumvi iliingia kwenye majeraha yake. Aliuma meno.

Alichana upindo wa gauni lake, akauloweka, akauzungushia nati. Njiti alitoa kiberiti cha gesi mfukoni.

"Daktari alinikataza sigara," alisema. "Ningemtii leo ungewasha kwa nini?"

Moto ulilipuka mweupe, karibu hauonekani kwenye jua lile. Walikaa wakiutazama. Tope lilichemka na kukauka na kupasuka. Aliongeza petroli kwa kitambaa kilichofungwa kwenye ncha ya waya, polepole, akigeuza uso. Hata hivyo moto ulimfuata, ukamlamba kiganja na nyusi. Aliupigiza mkono kwenye tope na kuendelea. Nati ilipobadilika rangi, akawa na kazi ya kuipoza ghafla ili kutu ipasuke. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye chupa ya maji. Ukasimama hapo.

"Usithubutu," Njiti alisema.

"Sijagusa."

"Kojoa, shemeji. Nitageuka."

"Njiti, una adabu wewe?"

"Adabu niliiacha kwenye mkanda."

Hakukojoa, hakuwa na hata tone la kukojoa. Alichota maji ya tope, yale machungu yaliyojikusanya kwenye shimo alilochimba, akayamwaga. Nati ilipiga kelele. Moshi ulipanda. Akarudia moto, akarudia tope. Kisha alichomoa kijiti cha kupimia oili ya injini, akadondoshea oili kwenye uzi, tone kwa tone, na kuiacha itambae ndani huku akihesabu pumzi za Njiti, kwa kuwa zilikuwa zimeanza kupishana.

Aliweka ukanda wa kibao, akaweka spana, akachomeka bomba. Njiti alisukuma spana kwa bega. Mama Pacha hakukanyaga kulegeza. Alikanyaga kukaza, kidogo tu, namna mchomeleaji alivyokuwa akifanya, mtu aliyekuwa akimcheka kwa kufanya mambo kinyume.

Tak.

Ilikuwa sauti ndogo mno. Wote wawili waliisikia.

Akageuza bomba. Akaweka mguu. Akaliachia uzito wake wote, wake na wa mapacha wake wawili aliowaacha kwa jirani na wa kila siku aliyosimama kuchambua chumvi kiwandani, akabonyeza bila kuruka, bila hasira, mfululizo. Nati ikalia kama mlango wa kaburi na kusogea. Ikakwama. Akairudisha, akatia oili, akaisogeza tena. Mbele kidogo, nyuma kidogo. Uzi uliobondeka ulisaga chuma, unga mweusi ukatoka na oili. Ikaenda nusu mzunguko. Ikaenda mzunguko.

Alilipiga gurudumu kwa mguu likasogea mbele. Cheni ikadondoka kutoka pale ilipojikaba, imelegea, imechubuka, nzima.

Alipogeuka kumwambia Njiti, Njiti alikuwa amelala chali, mdomo wazi, na nzi mmoja, sijui alitoka wapi katika nchi ile isiyo na kitu, alikuwa ametua kwenye bendeji. Alimpiga kofi. Akampiga la pili.

"Shemeji! Kaka yako nitamwambia nini? Amka!"

"Mwambie," Njiti alisema kwa mbali, "mkeo ana mkono mzito."

Aliirudisha cheni kwenye meno, akalivuta gurudumu nyuma mpaka cheni ikanyooka, akaikaza nati kwa kadiri, akaifunga kwa waya isilegee. Akarudisha tangi. Akarudisha kiki, akaikanyaga mara nyingi mpaka injini ilipokubali. Alimpandisha Njiti mbele, si nyuma, amlalie tangi kama mtoto, naye akamkumbatia na kushika usukani kwa viganja visivyo na ngozi. Maji yaliyobaki alimmiminia mdomoni. Yaliyomwagika alimwacha ayalambe kidevuni.

Walikwenda. Cheni haikuimba. Ulikuwa ukimya wa ajabu, injini na upepo peke yake, na vilima vya buluu mara hii havikukimbia. Alisema na Njiti njia nzima, akimtukana, akimtukania ukoo, maana aligundua kwamba matusi huyasikia na maombi hayasikii. Gamba la chumvi likawa mchanga, mchanga ukawa majani makavu, majani yakawa barabara ya vumbi, kisha ukuta, kisha mtu wa kwanza, mwanamke na ndoo, aliyeidondosha ndoo yake.

Kwenye lango la hospitali alishindwa kusimama kwa sababu vidole havikufunguka. Pikipiki iligonga mlingoti na kulala. Wauguzi walimchukua Njiti. Wengine wawili walibaki wakivibandua vidole vya Mama Pacha kutoka kwenye usukani, kimoja kimoja, wakimuuliza anatoka wapi. Alionyesha kwa kidevu. Walitazama upande ule, wakatazamana.

Alikaa kwenye korido, mikono imefungwa mpaka vifundoni. Korido ilijaa ndugu wa wagonjwa: mzee mwenye mkebe wa uji, mama na watoto, vijana wawili wa kiwanda kingine, nguo zao zina vumbi la saruji. Yeye alikuwa akiwaza kitu kimoja, alichokiwaza tangu cheni iliporuka. Kwamba ni yeye. Kwamba saa zile zote juani, mstari ule ukipanda, zilitoka kwenye nyundo yake, kwenye kizingiti chake, kwenye kicheko chake. Angemwambia nini mumewe?

Daktari alitoka akiwa amevua glavu. Alikuwa kijana, macho mekundu ya kukosa usingizi. Aliinama ili aongee kwa sauti ya chini.

"Ataishi," alisema. "Mkono tumeukata. Juu ya kiwiko. Pole sana, mama."

"Ningewahi," Mama Pacha alisema. "Pikipiki ilitufia njiani. Nati ilikataa. Ningefika asubuhi mngeuokoa?"

"Leo asubuhi?" Daktari alitikisa kichwa. "Hapana. Mkono ule ulikufa tangu juzi. Angeletwa siku alipoumia, au kesho yake, tungeuokoa karibu wote. Kwani alikuwa wapi siku zote hizo?"

Mama Pacha aliliona benchi la zahanati. Aliona gari kivulini, limeoshwa, matone ya maji yakidondoka kwenye bampa. Saa zote za kujilaumu zikamtoka mwilini kama homa, na mahali pake pakaingia kitu kingine, kitulivu, kigumu, chenye uzito wake. Alitazama pembeni. Mzee alikuwa ameshusha mkebe wake. Vijana wa saruji walikuwa wanajifanya hawasikii.

Akainuka, bendeji mbili nyeupe mbele ya kifua chake.

"Sema tena, daktari."

"Mama, nimeshakuambia, mkono ulikuwa—"

"Hapana. Usiniambie mimi. Sema kwa sauti."

Daktari alitazama mwisho wa korido, kwenye mlango wa ofisi ya mkubwa wake. Ulikuwa wazi nusu. Alimtazama yule mwanamke asiye na nyusi, chumvi imemkaukia usoni kama ukoko.

Kisha akanyoosha mgongo, akasema kwa sauti, neno kwa neno, mpaka watu wa mwisho wa benchi wakageuka.